Kilima cha Gia ya Pili

Barua ya posa ilikaa kwenye kabati letu la vyombo siku arobaini na moja bila kujibiwa, na aliyeizuia sikuwa mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukoo mzima wa muoaji uliamini ni mimi. Mimi ndiye mwenye uso wa ukali, ndiye niliyeendesha malori miaka mingi mpaka nikazoea kuongea kwa kelele hata na watu walio karibu, kwa hiyo lawama zilinifuata zenyewe. Kumbe mke wangu, mwenye sauti ndogo na tabasamu la kwaya, ndiye aliyeisukuma barua ile chini ya sahani za wageni na kusema haijibiwi mpaka apatikane mama aliyempokea binti yetu.

"Apatikane wapi?" nikamuuliza.

"Pale tulipomwacha," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Binti yetu wa kwanza hakuzaliwa hospitali wala nyumbani. Alizaliwa kando ya barabara ya zamani ya Kibondo kwenda Kasulu, miaka ishirini na saba iliyopita, katika masika ya kutisha. Nilikuwa nimepakia maharage kutoka Mabamba. Mke wangu alikuwa pembeni yangu kwenye kebini, tumbo limefika mwisho, akienda kujifungulia kwa mama yangu Kasulu. Kwenye kilima kimoja kabla ya kufika Nyakitonto lori lilizama kwenye tope mpaka ekseli, na uchungu ukaanza hapo hapo. Mwanamke mmoja akatoka nyumba ya jirani, akamshika mke wangu mkono, akaondoka naye bila kunisemesha. Mimi nikabaki chini ya lori na jeki na koleo. Baadaye sana nikasikia mtoto analia, nikasema haya, tayari. Kesho yake asubuhi likapita trekta, likatuvuta, nikawapakia mama na mtoto, nikapiga honi mbili za kuaga, tukaondoka. Jina la yule mama sikuuliza. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiisimulia habari hiyo kwenye harusi za watu kama kichekesho, kwamba binti yangu alitoka upesi kuliko gurudumu langu.

Watu wa mke wangu walitoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, wakalima upande wa Mabamba, na leo ni raia kama mimi, wana mashamba na kadi za kupigia kura. Lakini kuna mambo hawajayaacha. Moja ni hili: mwanamke akimpokea mtoto wa mwenzake nje ya hospitali, mtoto huyo akija kuposwa, baba na mama wanampelekea mpokeaji jembe kwa mikono yao wenyewe. Isuka, ndivyo wanavyoliita. Lisipopelekwa, alikuwa akisema marehemu mama mkwe wangu, binti anaolewa hajamaliza kuzaliwa. Mimi ni Mha wa Kasulu, kwetu majembe tuliyajua kwenye mahari, sikuwahi kusikia ya mpokeaji. Nilimwambia mke wangu mambo hayo yamepitwa na wakati. Akaniuliza mbona mimi mwenyewe silali kichwa kikielekea mlangoni.

Tatizo ni kwamba barabara yenyewe haipo. Lami ilipokuja ilikata milima, ikanyoosha kona, ikaviacha vipande vya barabara ya zamani vimejilalia porini huku na huko. Na watu wengi waliokuwa wakiishi kandokando yake wakabomoa nyumba, wakaifuata lami. Tafadhali nisieleweke vibaya, mimi lami naipenda. Wapo wanaosema barabara ya zamani ilikuwa na utu, watu walisaidiana. Hao hawakuwahi kulala chini ya lori huku mvua inawaingia kwenye masikio.

Hata hivyo nilijitapa. Nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, barabara ile ninayo mwilini. Dereva wa lori kuukuu haikumbuki njia kwa macho, anaikumbuka kwa nyayo na kwa kiganja cha kushoto. Najua wapi nilikanyaga klachi, wapi niliachia mafuta, wapi nilimwambia utingo ashuke na kigingi. Na kilima kile sisi madereva tulikiita kilima cha gia ya pili. Unatoka Kibondo, unakipanda vizuri na gia ya tatu, na ukifika kwenye kona karibu na kileleni injini inaanza kulalamika, unashusha ya pili. Nilikuwa na hakika kwamba lori lilikwama kwenye kona ile. Ningeweza kuifikia nikiwa nimefumba macho.

Tukaenda Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, wakati mvua imepumzika kidogo. Mke wangu alibeba jembe jipya, bila mpini, limefungwa kwenye kitenge. Tulishuka basi Nyakitonto, tukanywa chai kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya lami. Nikamuuliza kama anajua inapoanzia barabara ya zamani.

"Iko humu humu, papa," akasema, akionyesha kwa kijiko nyuma ya choo chake. "Mupite tu. Miti iko inaonyesha."

Kweli miti ilionyesha. Mistari miwili ya mikaratusi iliondoka kando ya lami ikaingia porini, imenyooka, na katikati yake nyasi zilikuwa fupi kuliko za pembeni, kwa sababu mizizi haikupata pa kushuka. Tukaingia hapo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Mtaro wa mkono wa kulia ulikuwa bado upo, umejaa majani na vyura. Tukakuta kalavati lenye midomo miwili ya zege, mmoja umezibwa na mchwa. Tukakuta nguzo ya kilomita, namba imefutika. Tukakuta bomba la kibao cha alama limesimama peke yake, kibao kimekwenda kuwa mlango wa banda la kuku la mtu. Kila kitu nilikieleza. Hapa nilipasua tairi. Hapa tulikuwa tunanunua ndizi. Mke wangu aliitikia mara tatu nne za mwanzo, kisha akaacha.

Mbele tukatokea kwenye shamba la mahindi, na miti ikakatika. Nilidhani tumepotea. Lakini nilipopanda kwenye kichuguu niliona katikati ya mahindi ya kijani ukanda wa mahindi mafupi, ya manjano, yamedumaa, upana wa lori moja na nusu, yanakata shamba kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Mwenye shamba alikuwa akipalilia. Tukamsalimu, nikamwambia tunafuata barabara.

"Ndiyo hiyo," akasema kwa hasira, akinyoosha kidole kwenye yale ya manjano. "Mwaka wa tatu huu naiwekea samadi. Imekufa, lakini haijakubali kulimwa."

Nilimwambia ugumu ule ni wa tani zangu mimi na wenzangu. Hakucheka. Tulimuuliza kuhusu mama aliyekuwa akizalisha wanawake maeneo yale. Alisema yeye ametoka Murungu, watu wa zamani hawajui, na wengi wao walihamia lami kabla hajafika. Mke wangu akalihamisha jembe kutoka mkono huu kwenda ule.

Tukapanda kilima. Tulikuwa tunakipanda kutoka upande wa Kasulu, kwa hiyo kona yangu ilikuwa juu, ukishavuka kilele tu. Nyayo zangu ziliitambua kabla yangu. Nilisimama katikati nikanyoosha mguu wa kushoto kama nakanyaga klachi, nikasema ni hapa. Na pembeni, hatua kama thelathini, kulikuwa na nyumba: kuta tatu za matofali mabichi, hazina bati, migomba imeota sebuleni.

Tulizitazama zile kuta muda mrefu. Nilisema mama wa watu ama amehama ama ametangulia mbele ya haki, tumefanya wajibu wetu, tuliache jembe pale ukutani tukajibu barua ya watu.

"Siyo hapa," akasema mke wangu.

"Siyo hapa vipi? Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Mimi nilisikia maji."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Ulitaka usikie nini?"

"Maji ya mto, baba watoto. Yalikuwa karibu, chini ya dirisha."

Nikamwambia mtu mwenye uchungu husikia mengi. Sikulisema kwa utani, nililisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikupenda kusahihishwa juu ya barabara yangu. Alilifunga jembe upya kwenye kitenge, akatangulia kushuka, tukarudi Kasulu.

Wiki iliyofuata binti yetu akapiga simu kutoka Kibondo, anakofundisha shule ya msingi. Alijitahidi kuongea kwa utulivu wa kialimu.

"Baba, wenzetu wanauliza kama mmekataa."

"Muulize mama yako."

"Mama anasema nikuulize wewe."

Akasema mchumba wake ni mtu mzuri, mvumilivu, lakini baba yake ameanza kusema kwamba kama hawatakiwi waambiwe. Nilimwambia asilie. Alisema halii. Nilikaa na ile simu mkononi, nikaliangalia lile kabati la vyombo, nikajua kwamba nisipompata yule mama nitamkosesha mwanangu mume kwa sababu ya kona moja.

Tukarudi Jumamosi iliyofuata. Safari hii mvua ilitukuta kwenye mteremko wa kilima, mvua ya matone mazito, na udongo mwekundu ukageuka sabuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, kosa langu mwenyewe. Niliteleza, nikakaa chini kwa kishindo, nikarudi nyuma kama mita tano nikiwa nimekaa. Mke wangu alicheka mpaka akashika mti. Na mimi, nikiwa pale kwenye tope, suruali imeshiba maji, ndipo akili ikanijia.

Kona ile ilikuwa ya kiangazi. Kiangazi ndipo unapopanda na gia ya tatu mpaka karibu na kileleni. Masika hakuna dereva mwenye akili aliyesubiri kona. Masika uliitia ya pili chini kabisa, kabla hujavuka mto, na hukuigusa tena mpaka uone kilele, na ukikwama unakwama huko huko bondeni, upande wa Kibondo. Miaka ishirini na saba nilikuwa nimehifadhi barabara ya kiangazi, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha nilikokwenda. Ya masika niliisahau. Ilikuwa ya kukwama tu, na mtu haweki moyoni mahali alipokwama.

"Ulisikia mto," nikamwambia.

"Ego," akaitikia kwa lugha ya kwao, akinivuta mkono niinuke. "Hata siku ile tulipokuja niliusikia. Uko upande wa pili."

Tukapita kileleni, tukaipita kona yangu na kuta zake tatu, tukaanza kushuka upande ambao mara ya kwanza hatukuufikia. Chini kabisa kulikuwa na kijito, kimelila kalavati nusu na kuacha bomba la zege likining'inia hewani. Kando yake palikuwa na uzio wa minyaa, nyumba ya bati lililoshika kutu, na dirisha dogo linalotazama maji. Bibi mmoja alikuwa barazani akipukuchua maharage kwenye ungo. Alituona tunakuja tumelowa, tumejaa tope, akasogeza ungo pembeni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mmekwama?"

Niliposema hapana, aliinua shingo kutazama nyuma yetu. "Gari liko wapi?"

Hakukuwa na gari pale tangu lami ifunguliwe, alikuja kutuambia baadaye, lakini ulimi wake ulikuwa bado una mazoea. Mke wangu akapiga magoti kwenye baraza, akaeleza: masika, lori, mtoto wa kike, miaka ishirini na saba. Bibi alisikiliza vizuri kisha akatikisa kichwa.

"Nimepokea wengi hapa, mwana wanje, mwanangu. Gari likikwama na ndani kuna mwenye tumbo, basi anazaa. Sijui ni kule kutikisika. Nilikuwa nafikiri serikali imeweka tope hapa kwa kazi hiyo. Wewe ni yupi?"

"Wa lori la maharage."

"Maharage walibeba wote."

Mke wangu alinitazama, kisha akatazama chini. "Ni yule aliyekuja kimya," akasema.

Bibi akainama kumtazama usoni.

"Wa kimya," akasema taratibu. "Aliyekuwa na rangi ya majivu."

"Ego, mama."

Nikaingilia. Nilisema kimya gani, mbona nilimsikia kwa masikio yangu akilia mpaka barabarani.

"Ulimsikia baadaye," akasema mke wangu.

Bibi ndiye aliyenieleza. Mtoto alitoka hapumui. Bibi alimnyonya makamasi kwa mdomo wake, akampuliza, akamsugua mgongo, akamchovya kwenye maji ya mto ya baridi, halafu ya moto, halafu ya baridi. Sufuria iliyoinjikwa wakati huo ilichemka, ikapungua, ikaongezwa maji, ikachemka tena. Jirani mmoja aliyekuwa humo ndani alishatoa kitambaa cha kumfunikia. Bibi alikataa kukipokea.

"Mama yake alikuwa ananiambia kitu kimoja tu," akasema. "Baba yake asijue."

Asubuhi ile, Kibondo, watu walikuwa wameniambia nisubiri, mvua inakuja. Mke wangu naye aliniomba tulale kwa dada yake mpaka kesho. Nilimjibu maharage hayasubiri. Nalikumbuka jibu hilo neno kwa neno, na nakumbuka nilivyoufunga mlango wa lori. Nilimgeukia, nikamuuliza kwa nini amelificha miaka yote hiyo.

"Ungeacha kuendesha," akasema. "Nakujua. Ungelibeba mpaka ungeacha kuendesha, na tulikuwa na mtoto wa kulisha."

Niliona aibu, na haikuwa aibu ndogo. Nilifikiri juu ya harusi zote nilizochekesha watu. Nilipiga magoti kando ya mke wangu, suruali yangu ikachafua baraza la watu, nikalishika jembe upande mmoja na yeye upande wa pili, tukampa. Nilimwambia bibi asante kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiha, kisha machozi yakanizuia kuendelea. Alilipokea, akaligonga kwa ukucha kusikiliza chuma chake, akasema ni zuri, siyo haya ya siku hizi yanayojikunja. Akauliza kama muoaji ana adabu. Tukasema anayo.

"Basi jibuni barua ya watu," akasema.

Tulimwomba aje siku ya mahari. Alisema angependa sana, lakini miguu yake haipandi tena kilima kile, na sisi wenye magari tumeichukua barabara tukaenda nayo. Hakulalamika aliposema hivyo, alikuwa ameshaurudia ungo wake. Nilimwambia gari litafika mlangoni kwake. Mke wangu alinikazia macho, kwa sababu pikipiki yenyewe isingefika.

Barua ilijibiwa Jumatatu. Mwezi wa sita, mahindi yalipovunwa, mimi na ndugu zake muoaji tulifanya kazi Jumamosi tatu. Tulianza nyuma ya choo cha mama wa maandazi na kwenda mbele, tukifyeka, tukizibua mtaro, tukijaza mawe na magogo ya mikaratusi pale kijito kilipokuwa kimekula. Yule mwenye shamba alituruhusu kupita kwenye ukanda wake wa manjano, akasema hata hivyo haujawahi kumpa debe moja, kisha akachukua sururu akajiunga nasi. Jumamosi ya tatu walitokea watu nisiowajua, familia chache ambazo hazikuhamia lami, wamebeba majembe yao. Mpaka leo pikipiki zinaingia huko kuchukua ndizi, na nasikia bei imekuwa na heshima kidogo.

Siku ya mahari niliazima pikapu nikamfuata. Alivaa vitenge viwili vipya na viatu vya plastiki, akashikilia dashibodi kwa mikono miwili njia nzima, hata kwenye lami ambako hakuna cha kushikilia. Nyumbani alikuta turubai, viti, wageni wa pande mbili na mshenga anayeongea sana. Tukamweka kwenye mkeka, mahali pa kwanza. Binti yetu akatoka ndani na shangazi zake, mrefu, amependeza, akapiga magoti mbele yake kumsalimia.

Bibi hakuitikia. Alimshika mabega, akamvuta karibu, akaweka sikio kwenye kifua chake, juu ya lile gauni la kushonesha. Mshenga alinyamaza katikati ya sentensi. Mke wangu alinishika mkono mbele za wakwe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mimi nikajikuta nazuia pumzi. Bibi alisikiliza muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, macho yake yamefumbwa.

"Ego," akasema, akimwachia. "Moyo unakwenda vizuri. Haya, sasa muozesheni."